Shirika la Mzinga: bado tunahitaji kiwanda cha risasi cha serikali? Na tukipime kwa kipimo gani?

Mwanamorogoro

Wakuu, salaam.

Tangu Desemba 2023, Serikali ilipotangaza kuunganisha mashirika ya umma 16 na kuvunja mengine 4, kila shirika kongwe likitajwa watu huuliza: na hili nalo la nini? Naomba tulijadili moja ambalo huwa tunalipita kimya kimya kwa sababu linahusu ulinzi. Ni Shirika la Mzinga.

Kwa wasiolifahamu, lipo hapa Morogoro. Lilianzishwa mwaka 1974 chini ya Sheria ya Mashirika ya Umma ya 1969, kiwanda kikajengwa kwa msaada wa China, na liko chini ya Wizara ya Ulinzi na JKT. Kazi yake ya msingi ni risasi za silaha ndogo. Mengine yote yamekuja kuongezeka juu ya hiyo.

Mwaka ule hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Msumbiji ilikuwa bado mikononi mwa Wareno mpaka Juni 1975, Rhodesia ilikuwa ya Ian Smith, Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na rafiki aliyekuwa tayari kutuuzia silaha alikuwa ng'ambo ya bahari. Mwishoni mwa 1978 Amin akavamia Kagera, tukapigana mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979. Kizazi kile kilijua maana ya kusubiri meli.

Leo hali ni nyingine. Kusini hakuna tena serikali ya kikoloni, na wauzaji wa risasi duniani ni wengi. Kwa hiyo anayeuliza "kwa nini tusinunue tu?" si msaliti. Ameuliza swali halali na anastahili jibu halali.

Msimamo wangu ni kwamba kiwanda kibaki. Lakini sababu nyingi zinazotolewa kukitetea ni dhaifu, na naomba tuziweke kando kwanza.

Ajira, kwa mfano. Sisi wa Morogoro tuna uchungu na ajira za viwandani kuliko watu wengi nchini. Tulikuwa na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kuuza viatu Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kilikuwa na wafanyakazi, kilikuwa na mashine mpya, kilikuwa na majengo. Kama ajira peke yake ingekuwa inaokoa kiwanda, mji huu usingekuwa na magofu.

Sababu nyingine dhaifu ni faida. Shirika lina kampuni tanzu, Mzinga Holding, inayochukua kazi za ujenzi. Sina ubaya na ujenzi. Ila faida ya kujenga jengo la halmashauri haituambii chochote kuhusu risasi. Shirika linaweza kufunga mwaka likiwa na hesabu nzuri kwa sababu ya saruji na nondo, huku mashine za risasi zikiwa zimefunikwa turubai. Na linaweza kufunga mwaka na hasara huku likifanya kazi yake ya msingi barabara. Mkaguzi akiangalia mstari wa mwisho wa hesabu peke yake hatagundua tofauti.

Sababu yenye uzito ni moja: siku muuzaji akikataa, au meli isipofika, kiwanda hiki kinaweza kutoa nini, kwa muda gani, kwa malighafi ya nani?

Hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Risasi moja ina vitu vinne: ganda, fataki ya kitako inayowasha, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Shaba tunaiona kila siku, malori kutoka Zambia na Kongo yanapita hapa hapa Morogoro yakielekea bandarini. Kichwa ni madini ya risasi (lead) au chuma, kikavikwa shaba. Vitu hivyo viwili fundi mzuri na mashine nzima anavimudu. Tatizo ni baruti na fataki. Baruti ya kisasa hutokana na nitroselulosi, na nitroselulosi hutokana na pamba, hasa zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya kuchambua. Shinyanga na Simiyu tunalima pamba. Lakini kati ya mbegu ile na baruti kuna kiwanda kizima cha kemikali, cha hatari na cha gharama kubwa.

Msidhani ni tatizo la maskini peke yao. Vita ya Ukraine ilipopamba moto baada ya 2022, nchi tajiri za Ulaya zilijikuta zimekwama kwenye jambo hili hili: mitambo ya kutengeneza makombora ya mizinga wanayo, lakini nitroselulosi haitoshi, na sehemu kubwa ya nyuzi zile za pamba walikuwa wanazitoa China.

Kwa hiyo kiwanda kinachoagiza baruti na fataki kutoka nje ni kiwanda cha kuunganisha. Kina faida yake, maana baruti ikihifadhiwa vizuri unaweza kujiwekea akiba ya miaka. Ila tusikiite uhuru kamili. Swali la kwanza ambalo Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama ingepaswa kuliuliza, hata kama ni ndani ya milango iliyofungwa, ni akiba ya baruti na fataki inatosha uzalishaji wa miezi mingapi.

Mfano wa waliofunga, ili tuone gharama yake. Ufaransa ilikuwa na kiwanda cha bunduki cha serikali pale Saint-Étienne, kikongwe. Walikifunga 2001. Uzalishaji wa risasi ndogo kule Le Mans nao ulikuwa umeshakoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Hesabu ilikuwa rahisi: jeshi limepungua, soko lina bei nafuu. Mwaka 2016 bunduki yao ya FAMAS ilipozeeka, Ufaransa, nchi yenye bomu la nyuklia na manowari zake yenyewe, ilichagua HK416 kutoka Ujerumani. Hawakuangamia. Wana majirani wa kuwauzia na wako ndani ya NATO. Sisi je, nani amesaini mkataba wa kutuuzia siku ya shida?

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti mje, hasa wenye uzoefu wa viwandani.

Hesabu Kwanza

Mkuu, asante kwa bandiko lenye mashiko. Napinga.

Mashine za risasi zimeundwa kutoa mamilioni kwa mamilioni. Jeshi la nchi iliyo na amani linatumia risasi chache: mafunzo, shabaha, ulinzi wa mipaka. Maana yake mashine zinakaa. Gharama zile zile za umeme, walinzi, mishahara na matengenezo zinagawanywa kwa risasi chache, kila moja inatoka ghali kuliko ya dukani. Tofauti hiyo ya bei analipa mlipa kodi, na hakuna anayeiandika mahali popote.

Wewe mwenyewe umesema baruti inaagizwa na kuwekwa akiba. Risasi iliyokamilika nayo inahifadhika miongo ikiwa ghala ni kavu na la ubaridi. Basi nunua risasi za miaka kumi wakati bei ni nzuri, weka ghalani, funga kiwanda. Nchi nyingi za Afrika hazina kiwanda cha risasi na majeshi yao yapo.

Na tazama Afrika Kusini. Walikuwa na sababu ya msingi kabisa: vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa, vilivyokuwa vya lazima kuanzia 1977. Armscor, shirika lao la silaha, ikawajengea karibu kila kitu. 1992 ikazaliwa Denel, shirika la serikali, vikwazo vikaisha 1994, na kufikia 2020 Denel ilikuwa inashindwa kulipa mishahara kamili, vyama vya wafanyakazi vikaenda mahakamani. Wahandisi wazuri wakaondoka. Haja iliisha, shirika likabaki. Hicho ndicho ninachokiogopa Morogoro.

Jirani wa Eldoret

Hamjambo ndugu zetu. Mimi ni Mkenya, niko Uasin Gishu, na sisi kiwanda chetu kiko hapa karibu na uwanja wa ndege. Wacha niwape yaliyotupata.

Kiwanda chetu kilijengwa katikati ya miaka ya tisini kwa ushirikiano na FN, kampuni ya silaha ya Ubelgiji, wakati wa Mzee Moi, na kilijengwa kwa siri. Wananchi walikuja kujua kupitia magazeti, kelele zikawa nyingi hapa na kule Ubelgiji kwenyewe. Shirika lenyewe, Kenya Ordnance Factories, likaundwa rasmi 1997. Siri ile ilitugharimu. Mpaka leo ukikitaja kiwanda, mtu wa rika langu anakumbuka siri kabla hajakumbuka kazi yake.

Kuna mambo mawili ningependa mjifunze kwetu. La kwanza ni vipimo. Kiwanda kilianza na risasi za kipimo cha NATO, 7.62 kwa 51 na 5.56, pamoja na 9 za bastola. Lakini polisi wetu wana bunduki za G3 na AK pamoja, na risasi ya G3 haiingii kwenye AK hata ukifanya nini. Kwa hivyo kuwa na kiwanda si kuwa na risasi ya kila bunduki uliyo nayo. Serikali ikinunua bunduki mpya bila kuuliza kiwanda kinatengeneza nini, kiwanda kinabaki nyuma.

La pili ni zito zaidi. Kila risasi ina chapa kwenye kitako cha ganda. Mwaka 2008 Small Arms Survey, taasisi ya utafiti ya Geneva, ilichunguza risasi zilizokuwa mikononi mwa raia huko Turkana Kaskazini. Sehemu kubwa ilitoka ndani ya Kenya, na zetu za Eldoret zilikuwemo. Watu wanauana kwa ajili ya ng'ombe, ganda linaokotwa, chapa ni ya serikali. Ukiweka kiwanda, weka na daftari la kujua kila sanduku limeenda kwa nani. Bila hilo kiwanda ni hatari kwa wananchi wako mwenyewe.

Pamoja na hayo yote, sisi hatukufunga. Mwaka 2021 Rais Uhuru alifungua kingine Ruiru cha bunduki, shilingi bilioni 4, uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kwa hivyo kwa upande wetu swali lilijibiwa kwa kuongeza.

Mwanamorogoro

Asante sana jirani. Hilo la chapa na daftari nilikuwa sijaliweka kwenye hoja, na lina uzito kuliko nusu ya niliyoandika.

Hesabu Kwanza, hoja ya ghala nitawaachia wa Dar es Salaam waijibu, wanaijua kwa machozi. Kuhusu Denel nakubali ulichosema, ila malizia hadithi. Kitengo chake cha risasi na mabomu kiliuzwa asilimia 51 kwa Rheinmetall ya Ujerumani mwaka 2008, Denel ikabaki na 49. Sehemu ile ndiyo iliyosimama vizuri wakati mama yake anayumba. Kwa hiyo kilichooza kule kilikuwa uongozi na mtaji, ujuzi wa risasi ulikuwepo. Na hata huko nako kuna bei yake: Septemba 2018 mlipuko pale Macassar, karibu na Cape Town, uliua wafanyakazi 8. Mtu yeyote anayezungumzia viwanda hivi bila kuzungumzia maisha ya wanaofanya kazi ndani hajui anachozungumzia.

Mama wa Mbagala

Naomba nami nichangie, wanangu.

Mnasema nunua risasi za miaka kumi uweke ghalani. Tarehe 29 Aprili 2009 nilikuwa Mbagala. Ghala la jeshi lililipuka, wakafa watu zaidi ya 20, nyumba zikabomoka, watoto wakapotea wakikimbia. Haijapita miaka miwili, tarehe 16 Februari 2011, ikawa Gongo la Mboto. Yale yalikuwa mabomu, najua si risasi ndogo. Lakini naomba yeyote anayeshauri kulimbikiza aseme pia nani atakuwa anafungua yale masanduku, anapima kama yameharibika, na anayaharibu salama yakizeeka. Akiba bila mtu wa kuikagua tulishaiona mwisho wake.

Fundi Kalibu

Mama hapo amegusa penyewe.

Mimi ni mchongaji wa vyuma, sijafanya kazi Mzinga, nimefanya viwanda vya kiraia. Nawaeleza kitu ambacho hakipo kwenye hesabu za vitabu. Ganda la risasi linaanza kama sahani ndogo ya shaba. Inapigwa iwe kikombe, kisha inavutwa mara kadhaa mpaka iwe ndefu, na katikati inapashwa moto ili isipasuke, halafu shingo inabanwa. Kila hatua ina kalibu yake, na kila kalibu inalika. Ikilika kidogo tu ambacho jicho halioni, ganda linapasuka ndani ya bunduki mbele ya uso wa askari. Anayetengeneza kalibu zile na vipimo vya kukagulia ndiye kiwanda. Mashine bila yeye ni chuma.

Mtu huyo humpati kwa tangazo la gazeti. Anatoka VETA au chuo, anakaa chini ya fundi mkubwa miaka, ndipo anaaminika. Ukifunga leo, baada ya miaka kumi ukitaka kufungua, majengo utayakuta. Yeye hutamkuta.

Kwa hiyo ukaguzi ukija, wakague umri wa mafundi. Kama wote wanastaafu ndani ya miaka mitano na hakuna vijana nyuma yao, kiwanda kimeshafungwa hata kama geti liko wazi. Na kama mashine zinalala, waruhusiwe kutengeneza vipuri vya viwanda vya sukari Kilombero na Mtibwa, vya reli, vya mitambo ya maji. Hiyo inalinda mkono wa fundi. Nyumbu pale Kibaha nako ni hivyo hivyo: ilianzishwa kwa ajili ya magari ya jeshi, lakini faida yake kubwa kwa nchi ni mafundi inaowalea. Ujenzi wa majengo hauwalindi mafundi wa aina hii.

Mwanachuo wa Mzumbe

Shikamooni wakubwa. Swali langu: kwa nini serikali isibaki na umiliki, mwekezaji akaendesha? Marekani naona wanafanya hivyo.

Mwanamorogoro

Marahaba kijana, swali zuri.

Ni kweli. Kiwanda cha Lake City, Missouri, ni mali ya Jeshi la Marekani tangu 1941, waendeshaji ni kampuni binafsi; tangu Oktoba 2020 ni Olin Winchester. Mwendeshaji anaruhusiwa kuuza raia uwezo unaobaki, na hivyo mashine hazilali. Kwa hesabu za Hesabu Kwanza huo ni ufumbuzi kamili. Lakini unawezekana kwa sababu Marekani ina soko kubwa mno la raia wenye bunduki, na wenyewe wamelalamikiana kwamba risasi za kiwanda kile zimekutwa kwenye mauaji ya halaiki. Mimi sitaki Tanzania iwe na soko la namna hiyo ili tu mashine zizunguke. Bila soko hilo mwekezaji atakuwa na mnunuzi mmoja, Serikali, na atataka mkataba unaomlipa hata asipozalisha. Tumewahi kuiona mikataba ya kulipia uwezo kwenye umeme.

Uingereza waliuza kabisa. Royal Ordnance ilikwenda kwa British Aerospace mwaka 1987 kwa pauni milioni 190. Mnunuzi akafanya ambalo mfanyabiashara yeyote angelifanya: akapunguza viwanda. Kile cha baruti cha Bishopton, Uskoti, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

India ndiyo karibu zaidi na sisi kwa fikra. Walikuwa na viwanda 41 chini ya bodi moja ya wizara. Tarehe 1 Oktoba 2021 waliivunja bodi, wakaunda kampuni 7, zote za serikali, kila moja na kazi yake na hesabu zake. Wafanyakazi walipinga vikali. Ninachokichukua pale ni kutenganisha: risasi peke yake, na biashara nyingine peke yake, ili kila kitu kipimwe kwa kipimo chake. Mzinga tungeweza kufanya hivyo bila kuvunja kitu. Kampuni tanzu ipimwe kwa faida. Kiwanda cha risasi kipimwe kwa uwezo, kigharamiwe waziwazi kwenye bajeti ya ulinzi, na CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akikague kwa uwezo huo.

Na kuna mfano wa Lima, Ohio, unaonisumbua. Ni kiwanda cha vifaru, mali ya serikali. Mwaka 2012 mkuu wa Jeshi la nchi kavu, Jenerali Odierno, aliliambia Bunge lao kwamba havihitajiki vifaru zaidi. Vilikuwepo zaidi ya elfu mbili vimeegeshwa jangwani California. Bunge likaongeza pesa hivyo hivyo, wabunge wakitetea kura na ajira za kwao. Kwa ushahidi wa siku ile, jenerali alikuwa sahihi. Kisha Aprili 2022 Poland ikasaini kununua vifaru 250 na watu wakashukuru kwamba Lima ipo. Mimi sioni kwamba wabunge wale walikuwa na hekima. Walibahatika. Nataka sisi tukibakize chetu kwa sababu tumepima.

Hesabu Kwanza

Mama wa Mbagala, pole sana, na nimekuelewa. Hoja ya kulimbikiza naipunguza: akiba yoyote inahitaji maabara na watu wa kuipima, na watu hao ndio wale wale wa kiwandani.

Lakini Mwanamorogoro, nijibu moja kwa moja. Ni matokeo gani ya ukaguzi yatakufanya wewe useme kifungwe? Kama hakuna, basi hatujadili.

Mwanamorogoro

Yapo.

Wapewe agizo la ghafla la kuzalisha kwa miezi mitatu mfululizo, zamu zote, kwa malighafi iliyopo ghalani tu, mbele ya wakaguzi wa CAG na maofisa wa JWTZ wanaotumia hizo risasi. Risasi zichukuliwe bila kuchagua zipigwe shabaha. Wahesabiwe mafundi wa kalibu walio chini ya miaka 40. Daftari lifunguliwe, masanduku kadhaa yafuatiliwe mpaka kwa mpokeaji wa mwisho. Takwimu zibaki siri kwa Kamati ya Bunge, sisi tuambiwe tu wamefaulu au hawajafaulu.

Wakishindwa, wapewe bajeti na miaka mitatu ya kurekebisha, kisha jaribio lirudiwe. Wakishindwa mara ya pili, nitakuwa wa kwanza kuandika hapa kwamba mstari wa risasi ufungwe, ibaki karakana ya vipuri na maabara ya kukagua maghala, na fedha ya uzalishaji ikanunue risasi kwa muuzaji zaidi ya mmoja.